Kuzunguka vilima vya Mwanza kwa baiskeli bila kuishia njiani: mwongozo kamili

Wasomaji kadhaa waliojaribu njia za baiskeli nilizowahi kuzipendekeza wamenirudia na habari ileile kwa maneno tofauti. Walishuka kutoka nyumbani kwao kilimani kwa raha, wakafika ziwani wakicheka, wakapiga picha, kisha wakarudi wakisukuma baiskeli kwenye jua la saa sita huku maji yakiwa yameisha. Mmoja alikodi guta la kubebea mizigo kutoka Mkuyuni, yeye na baiskeli yake wakapandishwa kama magunia ya mkaa. Mwingine ameshaamua kwamba Mwanza si mji wa baiskeli.

Mwanza ni mji wa baiskeli, ila hausomwi kwa kilomita. Unasomwa kwa mwinuko na kwa upepo wa ziwa, na karibu kila aliyeshindwa alikuwa amehesabu umbali peke yake. Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi kwenye mitaa ya vilimani, iwe Isamilo, Bugarika, Bugando au Bwiru, mwenye baiskeli ya kawaida na afya ya kawaida, anayetaka kuiona miamba na ufukwe kisha arudi nyumbani akiwa bado amekaa kitini.

## Vifaa vya kuwa navyo kwanza

Vikusanye vyote kabla ya kusoma hatua ya kwanza, kwa kuwa nusu ya safari zilizoharibika ziliharibikia kwenye kitu cha bei ndogo kilichoachwa nyumbani.

- Baiskeli yenye breki mbili zinazoshika, ya mbele na ya nyuma. Breki za fito zinavumilika kwenye tambarare, lakini zikilowa hupoteza nguvu, kwa hiyo kwa vilima ni afadhali breki za waya.
- Jozi moja ya raba za breki za akiba.
- Tyubu ya akiba, viraka, gundi, kipande cha msasa, vibanio viwili vya kung'olea tairi, na pampu. Pampu ya kuazima haipatikani pale unapoihitaji.
- Spana inayoenea nati za magurudumu yako. Ijaribu nyumbani, usiikadirie kwa macho.
- Helmeti, miwani ya kuzuia vumbi na wadudu, na kizibao cha kuakisi mwanga.
- Taa ya mbele na ya nyuma, hata kama unapanga kurudi mchana.
- Maji ya nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa kila saa utakayokuwa barabarani, pamoja na pakiti moja ya ORS.
- Chakula kikavu. Michembe au matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, hayamwagiki, hayaozi kwa joto na hayana karatasi ya kutupa. Ongeza karanga na ndizi mbili.
- Simu yenye ramani inayoonyesha mwinuko juu ya usawa wa bahari, na noti ndogondogo.

## Hatua ya 1: Hesabu mwinuko wa njia

Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Namba hii ndiyo sakafu ya hesabu zako zote. Simama mlangoni kwako, fungua ramani kwenye simu, soma mwinuko ulioandikwa, kisha utoe 1,134. Nyumba iliyo kwenye mita 1,205, kwa mfano, iko mita 71 juu ya maji, na hizo mita 71 utazilipa mwishoni mwa kila safari ya ziwani, wakati ambao miguu haina tena cha kulipia.

Simu hukosea kwa mita kadhaa, hasa ukiwa umebanwa katikati ya miamba, kwa hiyo soma mara tatu kwa nyakati tofauti na uchukue namba ya katikati. Kisha fanya hivyohivyo kwenye ramani kwa kila kilima kilichoko njiani, na ujumlishe mita za kupanda tu. Mita za kushuka usizitoe: mteremko haukurudishii nguvu uliyoitumia kupanda, unaigeuza kuwa joto kwenye breki.

Baada ya hapo tumia kanuni hii ya kukadiria: kila mita 10 za kwenda juu, ongeza nusu kilomita kwenye umbali. Sababu yake ni kwamba kumpandisha mtu na baiskeli wenye jumla ya kilo 85 kwa mita 10 kunakula nguvu inayokaribia ile ya kuendesha nusu kilomita ya tambarare kwa mwendo wa pole. Njia ya kilomita 12 yenye mita 160 za kupanda inakuwa, kwa miguu yako, njia ya kilomita 20. Aliyejiandaa kwa kilomita 12 huishiwa nguvu palepale ambapo hesabu ingemwambia ataishiwa.

Umefaulu ukiwa na karatasi yenye namba mbili kwa kila njia, umbali wa ramani na umbali wa miguu, na ukijua kilima kikubwa kiko mwanzoni, katikati au mwishoni.

## Hatua ya 2: Rekebisha gia na kiti

Baiskeli nzito isiyo na gia huwa imefungwa kwa ajili ya tambarare. Ikiwa gia ya mbele ina meno 44 na friwili, yaani gia ya nyuma, ina meno 18, mzunguko mmoja wa pedeli unazungusha gurudumu la nyuma karibu mara mbili na nusu. Mwambie fundi akufungie friwili ya meno 22, na mzunguko uleule utalizungusha gurudumu mara mbili kamili. Utakwenda taratibu zaidi kwenye lami ya tambarare, lakini kilimani kila mkanyago utakuwa mwepesi kwa karibu moja ya tano. Kwa mtu wa vilimani, hiyo ni biashara nzuri. Cheni nayo itahitaji kuongezwa pingili moja au mbili, kwa hiyo mkumbushe fundi aipime kabla hujaondoka.

Mwenye baiskeli ya gia anakosea mahali pengine: anabadilisha gia akiwa tayari katikati ya mlima, cheni ikiwa imevutwa kwa nguvu zote, nayo inaruka au inakatika. Gia nyepesi iwekwe mita 10 kabla ya mlima kuanza.

Kuhusu kiti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka. Wengi hukaa chini mno kwa kuogopa kuanguka, wakapanda kilima magoti yakiwa yamekunjwa, na kesho yake wakalaumu umri.

## Hatua ya 3: Jifunze kushuka kabla ya kujifunza kupanda

Hii ndiyo hatua ninayoomba isirukwe. Kilima cha kupanda kikikushinda, unashuka na kusukuma, basi. Mteremko ukikushinda, habari yake inakuwa nyingine.

Kagua raba za breki. Kishikio cha raba kina upande mmoja uliozibwa na mwingine ulio wazi. Upande uliozibwa lazima uelekee mbele ya baiskeli, kwa sababu gurudumu linapozunguka linaivuta raba kuelekea mbele. Mimi nililijua hilo kwa kuchelewa. Fundi mmoja alinifungia raba mpya zikiwa zimegeuzwa. Nikazijaribu getini kwa mwendo wa mtembea kwa miguu, zikashika, nikamlipa na kumshukuru. Katikati ya mteremko wa Bugando nilipofinya kwa nguvu nikasikia kitu kidogo kikigonga spoku, na raba ya kushoto ikaruka mtaroni. Breki ya mbele ilinipunguza mwendo, na lundo la mchanga wa ujenzi likamaliza kazi. Sasa sijaribu breki kwa mwendo wa getini: ninafinya kwa mkono mzima na kuisukuma baiskeli kwa kifua, na gurudumu likisogea hata kidogo, sishuki.

Tumia breki zote mbili. Unaposhuka, uzito wako unahamia mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye kushika ardhi vizuri, na la nyuma linafungika na kuteleza kwa urahisi. Anayeshuka kwa breki ya nyuma peke yake, akiamini kwamba ya mbele itambinua, anatumia iliyo dhaifu na kuiacha yenye nguvu. Finya ya mbele kidogokidogo huku ukisukuma nyonga nyuma ya kiti na mikono ikiwa imekunjika kidogo. Anayebinuka ni yule anayeifinya ghafla akiwa amenyoosha mikono.

Finya, achia, finya. Mtu na baiskeli wenye kilo 85 wakishuka mita 70 kwa breki, karibu nguvu yote inageuka kuwa joto linalotosha kuchemsha kikombe kidogo cha maji ya chai. Ukishikilia breki mfululizo kutoka juu hadi chini, joto hilo linakaa kwenye rimu: raba zinalainika, unanusa harufu ya mpira kuungua, na tyubu inaweza kupasuka. Punguza mwendo kwa nguvu kwa sekunde chache, achia rimu ipoe, kisha rudia. Mteremko ukiwa mrefu, simama katikati. Hakuna anayekufukuza.

Ogopa changarawe kuliko ukali wa mteremko. Miamba ya Mwanza ni matale, na matale yanapochakaa hubomoka kuwa chembe kubwa ambazo mvua huziteremsha hadi kwenye kona na kwenye kichwa cha mtaa, pale barabara ya vumbi inapokutana na lami. Zikiwa juu ya lami, chembe hizo hufanya kazi ya gololi. Breki zote zimalizike kabla ya kona; ndani ya kona gurudumu lizunguke tu. Kwenye barabara za mawe zilizojengwa mitaa ya mlimani kanuni ni hiyohiyo, na zikiwa zimelowa teremka ukitembea.

Fanyia mazoezi mteremko mfupi ulio wazi, usio na makutano chini yake, siku isiyo ya mvua, na uangalie mitaro ya kando ambayo mingi haina mifuniko.

Umefaulu ukiweza kusimama mahali ulipopachagua, ndani ya hatua moja, mara tano mfululizo, bila gurudumu la nyuma kuburuzika.

## Hatua ya 4: Jifunze kupanda ukiwa Kapripointi

Kapripointi ni rasi iliyo karibu kabisa na katikati ya jiji, na sijaona uwanja bora wa mazoezi kuliko huu. Barabara yake inazunguka karibu na maji, magari ni machache asubuhi, na kuna miinuko mifupi ya kupandia mgongoni mwa rasi ambayo unaweza kuirudia bila kwenda mbali na maji ya kunywa wala na fundi. Wakimbiaji wa alfajiri wameshaligundua hilo siku nyingi.

Zunguka mara ya kwanza bila kupanda popote, ili mwili upate joto na uyaone maji: Kisiwa cha Saanane kiko hapo mbele yako, miamba yake ikiwa imekaa juu ya mingine kama mtu aliyeipanga akaondoka. Mzunguko wa pili, chukua mwinuko mmoja mfupi.

Namna ya kupanda ni hii. Anza taratibu kuliko unavyotamani. Kaa kitini, kwa sababu ukisimama juu ya pedeli unatumia nguvu nyingi zaidi na gurudumu la nyuma linapoteza uzito na kuteleza kwenye vumbi. Tazama mita tano mbele, usitazame kilele. Kisha jipime kwa maneno: ukiwa katikati ya mwinuko uweze kusema sentensi nzima, kama vile "nimetoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu na bado sijachoka". Ukilazimika kuikata sentensi ili uvute pumzi, mwendo umezidi. Punguza papo hapo, usisubiri kifua kikuamuru.

Kuyumba kushoto na kulia kwa kukata ukali wa mlima kunasaidia kweli, lakini kufanyike tu kwenye mtaa mtupu unaouona wote. Dereva wa bodaboda anayeshuka hawezi kukisia utageukia upande gani.

Umefaulu ukizunguka Kapripointi mara tatu, ukipanda mwinuko mmoja katika kila mzunguko, bila kuweka mguu chini na bila sentensi kukatika. Kwa watu wengi inachukua wiki tatu hadi nne za kwenda mara mbili kwa wiki. Asiyefika hapa asiende hatua ya sita, hata kama marafiki zake wameshaondoka.

## Hatua ya 5: Panga saa kwa kufuata upepo

Mwanza jua huchomoza kwenye saa 12:40 asubuhi na kuzama kwenye saa 12:50 jioni, na tofauti kati ya miezi ni kama nusu saa tu. Mwanga si tatizo. Tatizo ni joto baada ya saa tano, na upepo.

Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo hadi asubuhi hewa huelekea ziwani. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo hugeuka, ukatoka ziwani kuja mjini, ukiongezeka nguvu alasiri. Kwa kuwa jiji liko kusini mwa ziwa, upepo wa mchana kwa kawaida hutoka upande wa kaskazini na kaskazini-magharibi.

Jambo hili dogo linaamua safari nzima. Anayekwenda Igombe, kaskazini, akiondoka saa 12:45 asubuhi anasukumwa na hewa ya nchi kavu, na akirudi mchana anasukumwa tena na hewa ya ziwani. Anayekwenda Nyegezi, kusini, au Kisesa, mashariki, akichelewa kurudi anakutana na upepo usoni pamoja na jua, na hapo ndipo wengi huishia. Kwa njia hizo mbili, uwe umegeuza baiskeli kabla ya saa nne asubuhi.

Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mikavu na ndiyo rahisi. Wakati wa mvua, ukisikia radi, ondoka kileleni na ushuke. Usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake wala kando ya jiwe refu lililosimama peke yake. Ingia kwenye jengo, hata la mtu usiyemjua. Piga hodi, utakaribishwa.

## Hatua ya 6: Chagua njia, kutoka rahisi kwenda ngumu

Usiruke ngazi. Kila njia hapa chini inaongeza jambo moja tu jipya juu ya ile iliyotangulia.

Njia ya kwanza: Kapripointi, Jiwe la Bismarck, Kirumba na Bwiru. Jambo jipya ni magari. Kutoka Kapripointi pita kandokando ya maji hadi Kamanga, ambako kuna kivuko, na ambako Jiwe la Bismarck limesimama majini likiwa limebebwa na mengine kwa namna ambayo kila mgeni huuliza halianguki vipi. Endelea Barabara ya Makongoro hadi Kirumba. Mwaloni, lilipo soko kubwa la samaki na dagaa, ni pa kupendeza kwa macho, lakini ardhi yake huwa na utelezi na mikokoteni haina breki, kwa hiyo shuka utembee. Kutoka Kitangiri unaingia Bwiru, na hapo ndipo kilima kilipo. Kimewekwa mwishoni mwa kwenda, si mwishoni mwa kurudi, nawe unarudi ukishuka.

Ukitaka kuongeza Kisiwa cha Saanane, fanya hivyo siku ya njia hii. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini, na boti huondokea upande wa Kapripointi. Baiskeli inabaki nchi kavu. Kisiwani utakutana na pimbi wanaoota jua, swala, na mjusi dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu anayepiga pushapu juu ya jiwe kana kwamba analipwa.

Njia ya pili: Nyegezi, Malimbe na Luchelele. Jambo jipya ni vilima vinavyofuatana. Barabara ya Kenyatta kupitia Mkuyuni na Butimba inapanda na kushuka, na hadi Nyegezi ni takriban kilomita 10 kutoka katikati ya jiji. Sehemu yenye daladala nyingi ipitwe mapema sana, au anzia safari Nyegezi Kona kabisa. Kutoka barabara kuu hadi Malimbe, kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ni kama kilomita 4, na baada ya hapo mji unalegea: mawe makubwa kati ya nyumba, mihogo kati ya mawe, na ziwa linalojitokeza na kujificha kila unapopinda. Mimi naipenda njia hii kuliko zote, na ndiyo iliyowashinda wasomaji wengi zaidi, kwa sababu inaonekana fupi kwenye ramani na wakati wa kurudi inakulipisha kila mteremko uliokufurahisha asubuhi. Rudi kwenye karatasi yako ya hatua ya kwanza na uamini namba ya pili.

Njia ya tatu: Igombe. Jambo jipya ni umbali. Uwanja wa ndege uko takriban kilomita 10 kutoka katikati ya jiji, na Igombe iko mbele yake. Vilima ni vichache, upepo ni rafiki, na mwisho wake ni ufukwe wa wavuvi. Dagaa wanapoanikwa, pita kando. Usikanyage hata pembeni ya chandarua walichotandikiwa, kwani ile ni mboga na karo ya mtu.

Njia ya nne: Bujora. Hapa umbali na kilima vinakutana. Barabara ya Nyerere inakupeleka Nyakato, Igoma na Kisesa, karibu kilomita 20, na malori ya kwenda Musoma yanatumia barabara hiyohiyo, kwa hiyo kizibao cha kuakisi si pambo. Bujora yenyewe iko kilimani. Makumbusho ya Wasukuma yana ngoma za watemi, nyumba za kijadi, na jengo lenye umbo la kiti cha enzi. Kunywa maji, kaa kivulini nusu saa, sikiliza maelezo, kisha urudi kabla upepo haujageuka.

Njia ya tano: Daraja la Kigongo–Busisi. Daraja hili, lenye urefu wa takriban kilomita 3 juu ya maji ya ziwa, lilifunguliwa Juni 2025, na tangu hapo kila mwendesha baiskeli wa Mwanza anataka kulipiga picha. Njia inapitia Buhongwa na Usagara. Ni ya mtu aliyemaliza njia nne zilizotangulia, ikiwezekana akiwa na mwenzake, na inafaa kwenda kwa baiskeli na kurudi kwa gari. Juu ya maji hakuna kinga ya upepo wa ubavuni. Shika usukani kwa mikono yote miwili, fuata maelekezo ya walinzi, na picha zipigwe ukiwa nchi kavu.

## Hatua ya 7: Simama kwa adabu na kwa tahadhari

Miamba mingi mizuri imo ndani ya makazi ya watu. Usipande jiwe lililo nyuma ya nyumba ya mtu bila kuomba. Mzee aliyekaa kibarazani anaamkiwa kwa shikamoo, na ukiongeza salamu ya Kisukuma, "mwangaluka", kama ni asubuhi, mara nyingi utaonyeshwa njia nzuri ya kupandia ambayo hukuijua. Wapo pia wanaotumia miamba kwa sala, na ukikuta watu wameinamisha vichwa, endelea na safari yako. Panda kwa viatu vikavu visivyo na mchanga, na usipande jiwe lililolowa. Pimbi wanapanda mawe yaleyale wakiwa na nyayo zinazonata, wewe huna.

Ufukweni, usiingie majini. Maji tulivu yenye majani kando ya ziwa yana konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hao hupenya ngozi ndani ya dakika chache, hata kwa aliyenawa miguu tu. Ukiwa umeshalowa, jikaushe kwa kujisugua na taulo mara moja, kisha uende kituo cha afya upate ushauri. Mahali ambapo wavuvi wanakwambia pana mamba au kiboko, usiulize walimwona lini. Sogeza baiskeli.

## Hatua ya 8: Jilindie kilima cha nyumbani

Safari ya mtu wa vilimani haiishi ziwani wala mjini, inaishia mlangoni. Kwa hiyo theluthi moja ya maji, ndizi ya pili na robo saa ya kupumzika vitengwe kwa ajili ya mlima wa mwisho tangu asubuhi, na visiguswe.

Simama chini ya mlima, mahali penye kivuli. Kula, kunywa, subiri pumzi irudi. Weka gia nyepesi ukiwa bado tambarare. Ugawe mlima kwa alama unazozijua, yaani duka, mwembe, jiwe lenye maandishi, nguzo ya umeme, na upande hadi alama moja tu kwa wakati mmoja. Kupumzika kwenye alama si kushindwa, ila uamue kabla hujafika, ukiwa bado unaweza kusema sentensi. Ukiona jasho limekata ghafla, kichwa kinauma au unasikia baridi juani, hapo si suala la miguu tena: kaa kivulini, lowesha shingo, kunywa ORS kidogokidogo, na umpigie simu mtu wa nyumbani.

Umefaulu ukifika mlangoni ukiwa na maji kidogo yaliyobaki kwenye chupa, na ukiwa na nguvu ya kuigeuza baiskeli miguu juu, kufuta vumbi kwenye rimu, kudondoshea cheni mafuta na kuzikagua raba za breki. Zikiwa zimelika hadi mifereji yake haionekani, zibadilishe jioni hiyohiyo, upande uliozibwa ukielekea mbele.